Mutuka Iliyonuka Kama Mama

Bugali iliungua kwenye matanga ya Baba Mukubwa. Wasichana waliokuwa jikoni walikuwa wakipiga soga, moto ukawashinda, na harufu ikatoka nyuma ya nyumba ikatufikia sisi wanawake tuliokaa kwenye mikeka. Harufu ya unga wa muhogo mchachu ulioshikana na chuma cha moto. Machozi niliyoyakosa tangu asubuhi yakanitoka yenyewe. Shemeji mmoja akanishika bega, akaniambia, "Pole, Masika, alikuwa baba yako." Nikainamisha kichwa, maana kama ningefungua kinywa ningeharibu kilio cha watu. Yule aliyelala sandukuni sebuleni alikuwa kaka mkubwa wa baba yangu, na nilikuwa nimemchukia tangu nikiwa darasa la pili.

Najua mtaniambia nimwache apumzike. Apumzike, ndiyo, ana nafasi ya kutosha sasa. Mimi ndiye sijapumzika.

Nyinyi wa umri wangu mnaukumbuka mtaa wa Shari wa wakati ule, tulipokuwa bado Wazaire na watu wazima wakiitana sitwayeni, yaani raia. Jumamosi ilikuwa ya salongo, kazi ya lazima ya usafi, kila mtu na jembe lake barabarani, atake asitake. Wazazi wangu walikuwa wametoka upande wa Butembo kuja kufanya biashara Bunia, na kitu kimoja tu kilichotutofautisha na majirani kilikuwa mutuka yetu. Mutuka ndilo neno tulilosema, hakuna aliyesema gari. Ilikuwa pikapu kuukuu ya rangi ya bluu, imepita mikononi mwa watu wanne kabla ya baba, mlango mmoja ukifungwa kwa kamba. Baba aliipangusa kila asubuhi kwa kitambaa kabla hajapangusa viatu vyake mwenyewe.

Lakini iliyoilisha ile mutuka ilikuwa kazi ya mama. Siku ya soko la Marabo mama alipanda mbele pamoja na baba, wakaenda bila mzigo, wakarudi na mifuko ya maharagi na muhogo imepangwa nyuma hadi juu ya kichwa cha dereva. Wakati wa likizo na mimi nilipanda, katikati yao, magoti yangu yakigonga kile chuma cha vitesi, cha kubadilishia gia. Mama alikuwa mwanamke wa maneno machache yenye makali. Aliwahi kusema mbele ya wageni kwamba mtu anayekula mara tatu kwa siku kwa mdogo wake anaweza angalau kushusha mfuko mmoja. Baba Mukubwa alikuwa pale pale, mkono ukiwa kwenye sahani. Alicheka na wengine. Nadhani ni siku ile alipoanza kumtafutia mama kosa.

Baba Mukubwa, mkitaka kumjua, alikuwa amewahi kuendesha lori la mfanyabiashara mmoja, zamani, miaka miwili tu. Miaka miwili hiyo ilimtosha maisha yote. Hakuna aliyeruhusiwa kusema neno kuhusu injini yeye akiwepo. Kwa hiyo radiateri, ile ya maji ya kupoza injini, ilipoanza kudondosha, tone moja, tone jingine, ikiacha alama ndogo nyekundu ya kutu kwenye udongo wa kiwanja chetu, baba akasema ataipeleka kwa fundi Ukelo akaichomelee. Ukelo alikuwa mtu wa Mahagi, fundi aliyekuwa na garaji yake pembeni ya barabara, karibu na mto. Baba Mukubwa akakasirika kama ametukanwa.

"Kwa Ukelo kufanya nini? Miye niko hapa! Siye madereva tuko na dawa yetu."

"Dawa gani, yaya?" baba aliuliza; yaya ndivyo alivyomwita kaka yake mkubwa.

"Weye acha. Kesho hutaona tone."

Na kweli, kesho yake hatukuona tone. Udongo ulikuwa mkavu. Baba alichuchumaa akatazama chini ya mutuka, akasimama, akampa kaka yake mkono kwa mikono miwili. Baba Mukubwa hakusema alitia nini. Aliitembeza ile siri yake mtaa mzima akiwa ameweka kijiti cha meno mdomoni. Wiki hiyo hiyo mama aliniita jikoni, akanionyesha mfuko wake wa unga.

"Masika, nani alichota hapa?"

"Si miye, mama."

"Basi ni panya iko na kopo?"

Nilipigwa vijiti viwili vya miguu kwa unga ambao sikuugusa. Nililia zaidi kwa hasira kuliko kwa maumivu, halafu nikasahau. Mtoto anasahau haraka kitu ambacho angepaswa kukishika.

Ndipo mutuka ikaanza kuchemka. Kwenda Marabo ilikwenda vizuri. Kurudi, kwenye mlima wa kwanza tu, ule mshale mdogo mbele ya baba ukaenda upande wa nyekundu, mvuke ukatoka kwenye boneti, na baba akasimamisha mutuka na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Tulishuka wote. Baba alifunika mkono kwa shati lake, akazungusha kifuniko cha radiateri pole pole, na maji ya rangi ya kutu yakaruka juu. Alimimina maji ya lile dumu tuliloliita bidoni, tukangoja, tukaendelea, ikachemka tena. Mama alikaa kwenye majani ya kando ya njia akichambua lengalenga, ule mchicha wetu.

Mimi nilisimama karibu na ule mvuke na kunusa. Nilikuwa mtoto wa kunusa vitu, hata daftari jipya nililinusa. Ule mvuke ulinuka uchachu, ulinuka jiko letu wakati wa jioni, ulinuka kitenge cha mama. Nikamwendea mama, nikaweka pua begani mwake. Harufu ile ile. Alinisukuma kwa kiwiko, akafikiri nacheza.

Baba alitafuta ugonjwa kama alivyojua. Alibadilisha mkanda wa feni. Alibadilisha mpira mmoja wa maji, akafunga mwingine kwa waya. Alinunua kifuniko kipya. Siku za katikati ya wiki alikwenda peke yake hadi posta, hadi parokia, hata kuzunguka mjini mchana kutwa na jua kali, na mshale haukusogea. Siku ya Marabo ikifika, mama akipanda, inachemka. Mara tatu, mara nne, mara sita. Na Baba Mukubwa, ambaye hakuwahi kushusha mfuko hata mmoja, alikuwa anahesabu.

"Papa Masika, unisikie vizuri," alimwambia baba siku moja mbele ya mlango, wala hakupunguza sauti. "Ukiwa peke yako, mutuka iko baridi. Bibi yako akipanda, moto. Akishuka, baridi. Unataka nikuambie nini tena?"

"Yaya, acha maneno ile."

"Naacha. Lakini unihesabie weye mwenyewe siku moja tu bibi iko ndani na haikuchemka. Moja tu."

Baba hakuwa na hiyo moja; safari za kwenda hakuna aliyezihesabu. Hapo ndipo nilipomwona baba yangu, mtu mwenye akili, mtu aliyejua kusoma barua za Kifaransa, akianza kumwangalia mama kwa pembeni. Na mimi pia nilianza. Nilimtazama akifua, akisonga, akisuka nywele zangu, nikitafuta mahali joto linapotokea. Mikono yake ilikuwa ya moto, hiyo nilijua, kwa sababu alipika siku nzima. Nilikuwa na ushahidi kuliko mtu yeyote pale nyumbani, na nilikuwa na miaka minane.

Waliketi Jumapili moja baada ya misa. Baba, Baba Mukubwa, na wazee wawili wa ukoo waliokuwa wakiishi mjini. Mama alipika, akaleta chakula, akaambiwa abaki jikoni. Nilikuwa mlangoni wakati Baba Mukubwa aliponiona, na akatabasamu.

"Tuulize mutoto. Mutoto haina upande. Masika, kuya hapa. Weye unapandaka mu mutuka. Inachemkaka wakati gani?"

Nikasema, "Wakati Mama iko ndani."

"Mumesikia."

Mzee mmoja akauliza kama nimeona kitu kingine. Mngeweza kunyamaza, nyinyi? Watu wakubwa wanne wananingoja mimi. Sijawahi kungojwa hivyo na mtu. Nikaunyoosha mgongo kama shuleni, nikasema kwa sauti ya kusikika:

"Ikichemka, mutuka inanuka sawa Mama."

Wazee wale walisema "Eeeh!" kwa pamoja. Baba aliweka mikono usoni. Lakini mimi nilikuwa namtazama Baba Mukubwa, kwa sababu ni yeye niliyetaka anisifu, na niliona taya lake likisimama. Tonge lilikuwa vidoleni. Alilitazama lile tonge la bugali, akanitazama mimi, na kwa muda mfupi uso wake ukawa wa mtu aliyekamatwa. Alijua nilichonusa. Katika nyumba nzima alikuwa mtu pekee aliyejua, na neno moja tu lilitosha. Alitumbukiza tonge kwenye mboga, akala, akasema, "Basi, nani iko na swali tena?"

Kwa hilo tonge simsamehi. Uongo ningemsamehe, ujinga pia. Lakini alimeza akiwa ananitazama.

Mama aliondoka siku ya nne kwa lori la watu wa Butembo. Walisema anakwenda kupumzika kidogo kwao. Walisema vile kwa upole, na kila mtu mtaani alijua maana yake. Alimbeba mdogo wangu mgongoni, mimi nikabakizwa kwa sababu ya masomo. Hakulia. Aliniambia niwe nafunika mfuko wa unga, kisha akapanda juu ya mizigo na kukaa akitazama mbele, na mimi nikaona kitenge chake mpaka kona ilipokikata. Nilidhani nimefanya kazi nzuri. Nilidhani mutuka itapona, na ikipona mama atarudi akiwa amepoa.

Siku ya soko iliyofuata baba alikwenda Marabo peke yake. Nilimngoja kiwanjani tangu saa tisa. Alifika jua likiwa linashuka, akiivuta mutuka kwa gia ya kwanza, boneti ikiwa wazi, mvuke ukitoka, shati lake limelowa lote. Alishuka, akasimama mbele ya mutuka, mikono kiunoni. Hakukuwa na mwanamke ndani. Alizunguka kwenda kuangalia kiti cha mama, kabisa kabisa, akafungua mlango na kukitazama. Kiti kilikuwa kitupu.

Kesho yake aliipeleka kwa Ukelo na mifuko ikiwa bado nyuma. Nilikwenda naye, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kubaki nami. Ukelo alikuwa mtu mfupi, mikono mirefu, anaongea taratibu huku akijifuta vidole kwa kipande cha suruali kuukuu. Hakufungua boneti. Aliegemea mlango ule wa kamba na kuuliza tu.

"Papa Masika, inachemka wakati gani? Ikiwa tupu, ao ikiwa na muzigo?"

Baba akasema, "Ikiwa na… Ilikuwa inachemka na bibi yangu."

"Bibi yako iko na kilo ngapi?"

Ukelo hakucheka, na ingekuwa afadhali kama angecheka.

"Bibi alikuwa anapanda na mifuko ngapi nyuma?"

"Kumi na mbili. Kumi na nne."

"Na ukienda posta?"

"Hakuna."

"Basi. Injini ikivuta muzigo kwenye mulima, inatoa moto mingi. Maji njo inaibeba ule moto, inauleta huku mbele, upepo unaupoza. Ikiwa tupu, hata maji kidogo inatosha. Siyo bibi, papa. Ni maji haipiti."

Akawasha injini, akaiacha ingurume mpaka ikapata joto, akaizima. Kisha akaweka kiganja juu ya uso wa radiateri kama mama anavyoweka mkono kwenye paji la uso la mtoto, akakisogeza pole pole, juu, pembeni, katikati, chini. Alichukua mkono wa baba na kuuweka pale pale. Nami niliweka wangu bila kuulizwa. Juu kulikuwa na moto wa kuunguza. Pembeni, moto. Katikati, eneo lenye upana wa sahani mbili, kulikuwa baridi kama ukuta.

"Fasi iko baridi njo fasi imefungwa," Ukelo alisema, akigonga pale mahali palipoziba.

Alifungua mpira wa chini. Maji ambayo yalipaswa kumwagika yote kwa mara moja yalitoka kwa uzi mwembamba, yakakatika. Akachukua waya, akachokonoa, na kitu kikaanza kutoka. Kilikuwa cha kijivu chenye wekundu wa kutu, kinavutika, kikaanguka kwenye udongo kwa mabonge. Kilinuka. Kilinuka jiko letu. Nikasema, "Ni bugali," na hakuna aliyenikatalia.

Ukelo alikisugua kati ya vidole viwili. "Unga ya muhogo. Nani aliweka? Madereva wanafanyaka vile, radiateri ikitoboka mbali na mji. Kopo moja ya unga, inakwenda inaziba tundu, dereva anafika. Lakini akifika tu, siku ile ile, anaifungua anasafisha. Ukiiacha, inaiva. Inafunga njia yote. Hii imepikwa tangu miezi."

Baba aliyatazama yale mabonge. Halafu akanitazama mimi, kwa muda mrefu, na nikaona yote yakipita machoni mwake, udongo uliokauka asubuhi ile, dawa ya madereva, kopo la unga, na binti yake aliyesimama katikati ya wazee akisema mutuka inanuka kama mama yake. Akamwomba Ukelo maji ya kunawa.

Nyumbani nilijificha nyuma ya pazia nikingoja vita. Nilitaka baba ampige. Nilitaka kiti kivunjike, majirani waje. Baba alisema, "Yaya, ni weye uliweka unga mu radiateri?" Na Baba Mukubwa, kijiti cha meno mdomoni, akajibu:

"Aa, ile? Nilisahau."

Hayo tu. Kisha akaulizia chakula. Na baba akakaa naye wakala, kwa sababu alikuwa kaka yake mkubwa, na mkubwa hafukuzwi. Nikajua siku ile kwamba baba yangu alikuwa mwoga. Nilimpenda bado, lakini nililijua hilo.

Ukelo alipokwisha kusafisha radiateri na kuchomelea tundu, baba alikwenda kumrudisha mama, na mutuka ilipanda milima ya njia yote bila mshale kusogea. Mama alirudi, ndiyo, lakini alirudi kwa lori, siku moja baada ya baba. Hakupanda tena ile pikapu. Siku za Marabo alikwenda juu ya mizigo ya watu, na baba akimpita njiani anapiga honi, anapunguza mwendo, anaita, "Mama Masika!", na mama anatazama mashamba. Ilikuwa hivyo mpaka mutuka ikauzwa.

Kuhusu mimi, sikumwambia neno. Nilidhani maneno yangu yalibaki ndani ya sebule ile na wale watu wanne, na wazee wakafa mmoja mmoja, baba naye, na kila alipokufa mmoja nilipumua kidogo. Baba Mukubwa alikuwa wa mwisho.

Kwa hiyo siku ya matanga, harufu ile iliponifikia, niliinuka kwenye mkeka nikaenda jikoni. Nilimkuta mama, mgongo umepinda, amewafukuza wale wasichana na kushika mwiko mwenyewe. Sufuria kubwa, bugali ya watu hamsini, jasho linamshuka shingoni. Hasira yangu yote ya miaka ikanipanda.

"Mama, weka mwiko chini! Unapikia nani? Unapikia kilio ya mutu yule? Alikufukuza kwa unga yako mwenyewe! Alijua, na akanyamaza!"

Mama hakugeuka. Alizungusha mwiko, akaubandua ukoko wa pembeni, akaonja.

"Miye nilikuwa nyuma ya mulango siku ile," akasema. "Nilikuwa naleta maji ya kunawa. Nilisikia yote."

Akasogeza kuni motoni.

"Ulikuwa umesimama vizuri, unasema na sauti ya shule. Mutuka inanuka sawa Mama." Alisema bila ukali, kama mtu anayekumbuka bei ya kitu cha zamani. "Niliporudi, jioni ile ile nilikupikia. Na kesho yake. Kama ningekataa kupikia kila mutu mwenye alisema siku ile, Masika, weye ungekula nini?"

Akanipa mwiko, akaenda kuchota unga mwingine.